Mlango wa Chini

Tusajigwe binti yangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali, lakini wewe upo chumba cha pili na nakusikia unavyopigana na zipu ya begi. Mama yako yuko jikoni anafungasha ndizi na karanga kana kwamba huko Dodoma watu wanakula mchanga. Ni saa kumi jioni, mvua imekatika kidogo, na mimi nimejifungia humu nikidai nina ripoti ya bodi ya kumalizia. Ripoti ya bodi niliipeleka juzi. Nimekaa kukuandikia wewe, na karatasi mbili nimeshazichana.

Sitakuambia uvae sweta wala ule kwa wakati. Hayo mama yako ameshasema, na kesho atayarudia stendi mbele ya watu, upende usipende. Wala sitakufundisha kuishi na wakubwa wa kazi. Umeishi na mimi nikiwa baba nyumbani na katibu wa hospitali kazini, na aliyepita hapo hakuna bosi wa kumtisha.

Nina jambo moja tu, nalo nimelibeba tangu masika ya mwaka jana. Ulimwambia mama yako kwamba hutashika kisu cha upasuaji tena maishani, ndiyo maana umetafuta kazi ya kukaa mezani na kukagua fomu za bima. Alinieleza huku analia, nami nikatikisa kichwa kama mtu asiyejua kitu. Unaamini wewe ndiye uliyemuua mtoto wa Atupele kwa kuchelewa nusu saa. Hukumuua wewe. Najua kilichomuua, na nimejua tangu siku ile ile.

Niache nianzie nyuma kidogo. Nikikueleza siku ile peke yake utadhani ni bahati mbaya ya mchana mmoja, na mimi nitafurahi udhani hivyo.

Unakumbuka nilivyopewa ukatibu wewe ukiwa mwaka wa tatu chuoni. Nilikuwa nimetoka kiwanda cha chai, mhasibu wa miaka mingi, najua chai na najua hesabu, hospitali naijua kama mgonjwa tu. Nilikuta duka la dawa lina rafu ndefu na chupa chache. Wauguzi walikuwa wamezoea mshahara wa Januari kuupata Aprili, tena nusu. Madai ya bima yalikuwa yanarudishwa kwa mafungu kwa sababu daktari hakusaini, au alisaini mahali pasipotakiwa. Mashine ya picha za eksirei ilikuwa imefunikwa shuka tangu enzi za mtangulizi wangu, na mpishi alikuwa amegeuza nyuma yake stoo ya maharage.

Nilijiona mkombozi, mwanangu. Nakuambia ukweli. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo nikiwa na daftari. Nikatoa maharage kwenye chumba cha picha. Nikakaa na madaktari jioni baada ya jioni kuwafundisha kujaza fomu, watu wazima waliosoma kunizidi, nikiwasimamia kama watoto wa shule. Na kwa muda mambo yalisogea kidogo. Lakini kila mwezi fedha iliyopaswa kuingia na iliyoingia hazikulingana, na nilijua inakovujia. Ilivujia mlango wa chini.

Wewe umefanya kazi pale ukiwa umeukuta umefungwa, kwa hiyo nikueleze ulivyokuwa. Wodi ya wazazi ilikuwa na mlango wake, unaotazama bondeni, kwenye njia ya miguu inayopanda kutoka migombani. Wanawake walipita huko moja kwa moja hadi kwa muuguzi, bila kugusa geti la juu ambako kuna dirisha la mapokezi, keshia na mabenchi. Wengine walilipa baadaye, wengine walijifungua wakashuka na mtoto mgongoni kwa njia ile ile, na keshia hakuwaona kabisa. Kwangu mimi lile lilikuwa tundu kwenye gunia. Kiwandani majani yanaingia mlango mmoja, yanapimwa, yanaandikwa, ndipo yanaendelea. Nilitaka na watu waingie hivyo.

Bodi ilileta mshauri kutoka Dar, kijana mpole mwenye kompyuta na viatu ambavyo havikushonwa kwa ajili ya tope la Tukuyu. Nisimlaumu. Alizunguka na mimi siku mbili, akafika mlango wa chini, akasimama.

"Katibu," akaniuliza, "huu mlango una kazi gani?"

Nikamjibu, "Mazoea tu."

Maneno mawili. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote ninayoijua. Kwa sababu nilijua kazi yake, Tusa. Mnyakyusa gani wa umri wangu asiyejua? Mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Akimwona anakuja njiani anatoka, anaingia migombani, anachutama mpaka apite. Haingii chumba alimo mkwe, hapiti mbele yake, hakai naye benchi moja. Vijana wa mjini mmeyaacha, na wengi wa kanisani wanasema wameyaacha, lakini shuka huko vijijini uone. Wazee wetu ndio waliowaambia wamisionari waliojenga hospitali wafungue mlango wa pili, na wale Wazungu, pamoja na ukali wao wote juu ya mila zetu, waliukubali huo mmoja.

Na sikuhitaji kwenda kijijini kuyajua. Nilikuwa nayo humu ndani. Babu yako alipokuwa anakuja kututembelea hapa Ibighi, mama yako alitokea mlango wa jikoni na hakurudi sebuleni mpaka mzee ameaga. Nani alikuwa anampelekea chakula? Wewe. Ulikuwa mdogo hata sinia linakuzidi, unatembea taratibu ulimi nje, unaogopa kumwaga mchuzi. Na siku uliyozaliwa, babu yako alikuwa amelazwa jengo la juu na mguu uliokatwa na panga. Mama yako alipanda na uchungu wake kwa njia ya bondeni, akaingia kwa mlango wa chini, akakuzaa salama, na mkwewe akapata habari akiwa kitandani upande wa pili. Wewe mwenyewe uliletwa duniani kupitia mlango ambao niliuita mazoea.

Nikaufunga. Niliweka kufuli kwanza, halafu nikaona watu wanamwomba mlinzi ufunguo, nikauchukua ufunguo nikauweka kwenye droo yangu. Miezi ya mwanzo fedha ilipanda. Dawa zikaonekana kwenye rafu. Mshahara ukatoka mwezi wake, na wauguzi waliniletea kuku ofisini, kuku mzima mwenye kelele, nikalazimika kumfunga kwenye mguu wa meza mpaka jioni. Bodi ilinipigia makofi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikimwambia mama yako kwamba hospitali inapona. Alikuwa anachambua mchicha. Akauliza, "Na kina mama wa kule bondeni wanapita wapi sasa?" Nikamwambia wanapita kama watu wengine. Akarudi kwenye mchicha wake, na mimi sikumuuliza kwa nini ameuliza.

Baada ya hapo wodi ya wazazi ikaanza kupungua watu. Niliona. Lakini serikali ilikuwa imefungua kituo kipya cha afya ambako kujifungua ni bure, na hiyo ikawa sababu yangu. Ilikuwa sababu nzuri, iliyonyooka, na ilikuwa kweli nusu. Wala sikwenda kuuliza mwanamke hata mmoja. Nilikaa na daftari langu nikapunguza muuguzi mmoja wa zamu ya wazazi kwa kuwa kazi imepungua. Ndivyo nilivyokuwa naiokoa hospitali, nakata panapodhoofu mpaka pakadhoofika zaidi. Daktari wa kwanza akaondoka, wa pili akaondoka, na ukabaki wewe uliyekuja kwa kuwa baba yako alikuomba.

Sasa siku yenyewe.

Bodi ilikuja na yule mshauri kuona mafanikio. Tulikuwa tumekaa ofisini, chai imeletwa, saa tano asubuhi haijagonga. Ambokile mlinzi akabisha hodi. Unamjua Ambokile, mtu wa Bulyaga, hasemi mpaka alazimike. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Katibu, samahani. Kuna mama huko chini, ana uchungu. Amekuja na wifi yake. Wanaomba mlango wa chini."

"Wapite wa juu."

"Hawezi, tata. Mkwewe amekaa pale benchini, anasubiri kupimwa presha."

Wageni waliacha vikombe wakanitazama. Yule kijana wa Dar akatabasamu, akauliza kwa nia njema kabisa, "Kwani mkwe amemfanya nini?" Na mimi, mwanangu, nikaona haya. Niliona kwamba tunaonekana watu wa porini. Ufunguo ulikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Nikacheka, nikasema, "Mambo ya zamani hayo." Kisha nikamgeukia Ambokile, nikamwambia, "Kamwambie hospitali haina mlango wa wakwe."

Wageni wakacheka. Ambokile akavaa kofia, akaenda.

Atupele alikaa migombani chini ya hospitali kuanzia saa hiyo. Wifi yake alipanda mara kwa mara kuchungulia kama mzee ameitwa. Mzee hakuitwa, kwa sababu sasa kulikuwa na foleni moja ya watu wote, ya dirisha moja, niliyoibuni mimi. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena. Mzee Asajile, mkwewe, alimaliza kupimwa, akachukua dawa zake na kuondoka, karibu saa tisa alasiri, ndipo wifi akamshika Atupele mkono wakapanda. Wakaandikishwa saa tisa. Ulichokiona wewe kwenye faili ni hicho: amefika saa tisa. Ukampima, ukaona ana upungufu wa damu, ukasubiri maabara walinganishe chupa moja ya kumwongezea ndipo umpasue. Nusu saa. Daktari yeyote mwenye akili angesubiri. Mtoto alikuwa ameshachoka kwa saa nne nyingine usizozijua.

Kwa nini wao hawakukuambia? Ulimuuliza uchungu umeanza lini, wakasema asubuhi, nyumbani. Walikuona daktari kijana, msomi, wakaogopa ukiambiwa walikaa kwenye migomba kwa ajili ya mkwe utawagombeza. Na kwa nini mimi sikusema? Ambokile alinifuata jioni akanieleza yote, amesimama pale pale mlangoni. Nilimwambia, "Ambokile, hayo yaishe hapa." Akasema, "Sawa, Katibu." Tangu siku hiyo ananiita Katibu tu. Zamani alikuwa akiniita tata, baba kwa Kinyakyusa.

Wiki iliyofuata tulikaa kikao cha kujadili kifo kile. Ulisimama mbele ya watu, sauti yako ikawa ndogo, ukasema, "Ningeingia mapema. Nilisubiri damu, sikutakiwa kusubiri." Mganga mkuu akaandika. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao. Mwandiko ni wangu, Tusa, ile sentensi inayosema ucheleweshaji wa uamuzi wa daktari. Niliandika jina lako kwa kalamu hii hii, nikaweka nukta, nikaendelea na ajenda ya mafuta ya jenereta.

Natamani nikuambie nilifanya hivyo kuilinda hospitali. Nilijiambia hivyo wakati ule, kwamba wafadhili wakisikia watakimbia, kwamba mpango mzima utavunjika, kwamba watumishi watakosa tena mshahara. Yote hayo yanaweza kuwa kweli. Lakini nilinyamaza kwa sababu niliona haya, kama nilivyoona haya mbele ya wale wageni. Haya ile ile, ila safari hii wewe ndiye uliyeilipia.

Na bado sijamaliza. Hili linalofuata ndilo lililonifanya nichane zile karatasi mbili.

Baada ya kifo kile ulibadilika. Ulifuta likizo yako. Ulikuwa unalala chumba cha zamu, unaitwa usiku unakwenda, unaitwa tena unakwenda. Mshahara ulipochelewa hukuuliza. Wenzako walipogoma siku ile moja, wewe uliingia wodini. Nilikuona unakonda. Nilijua kwa nini unafanya hivyo, unalipa deni ambalo si lako, na nikaona kwamba deni hilo linanifaa. Nilikuwa na daktari mmoja anayefanya kazi ya watatu bila kudai kitu. Nikaandika kwenye ripoti: daktari wetu anajitolea kwa moyo. Ungejua ukweli ungepumzika, au ungeondoka kwa hasira, na chumba cha upasuaji kingefungwa. Kwa hiyo nilikuacha uumie kwa faida ya hospitali. Hakuna mwizi wa mlango wa chini aliyeniibia hospitalini pale kama nilivyokuibia wewe.

Kuna jioni moja uliniuliza. Labda umesahau. Tulikuwa tunatembea kutoka kazini, ukungu umeshuka mpaka barabarani, ukasema, "Baba, siku ile ya Atupele wewe ulikuwepo tangu asubuhi. Hivi uliona chochote?" Nilikuwa nayo nafasi mikononi. Tulikuwa wawili tu. Nikakujibu, "Mapenzi ya Mungu, mwanangu." Nilimsingizia Mungu mbele ya mtoto wangu mwenyewe, na nikala chakula cha jioni vizuri tu.

Mlango niliufungua mwezi wa saba. Niliwaambia bodi ni kwa ajili ya usalama wa moto. Kufuli lilitoka kwa dakika moja, lakini wanawake hawakurudi. Wamepata njia nyingine, wamesimuliana, na habari ya hospitali isiyo na mlango wa wakwe imeshuka bondeni kote hadi kwenye mashamba ya chai. Sijui hata nimwombe nani radhi ili warudi. Nimejaribu kutangaza kanisani, nimejaribu kupunguza bei, nimempeleka muuguzi akaongee na kina mama. Wanamsikiliza kwa adabu, wanamshukuru, halafu wanakwenda kujifungulia kwingine. Mimi ninayejua kusahihisha hesabu yoyote, hii sioni pa kuanzia.

Kuna kitu chako ninacho, nimekishikilia tangu Oktoba. Nilikwenda kwa kina Atupele. Ilinichukua miezi hiyo yote kupata miguu ya kwenda. Mzee Asajile alinipokea, akaniwekea kigoda. Nikamweleza nusu, nikasema mlango ulikuwa umefungwa kwa bahati mbaya. Alisikiliza, kisha akasema taratibu, "Sasa mwanangu, mngeniambia tu. Ningetoka nje. Kwani benchi lile ni la kwangu?" Ni kweli, Tusa. Hata ufunguo haukuhitajika. Ilitosha mimi kunyanyuka, kutembea hatua thelathini, kumwinamia yule mzee na kumnong'oneza asogee kidogo. Angesogea mara moja, maana naye anaheshimu kama anavyoheshimiwa.

Atupele alikuwepo, nyuma ya nyumba, hakuweza kuja mbele kwa kuwa mkwewe alikuwa amekaa na mimi. Nikasikia sauti yake kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni, "Mgeni, mwambie daktari asante sana, ndaga fijo. Yule dada alinishika mkono mpaka nikalala. Mwambie asilie, nilimwona analia." Mzee akaitikia kuunga mkono maneno yake. Walinipa mkungu wa ndizi niubebe. Uliukuta mkungu ule jikoni, ukauliza umetoka wapi, nikasema nimenunua njiani. Ukala, ukasifu ndizi. Shukrani sikukufikishia, kwa sababu ningekufikishia ungeuliza nilifuata nini kule. Basi chukua sasa. Ni ya kwako tangu Oktoba, na mtoa shukrani yupo hai, ana nguvu, analima.

Unajua hali ilivyo hospitalini. Bodi imesema tukikosa daktari wa upasuaji mpaka mwisho wa mwezi, chumba kitafungwa na tutashushwa tuwe zahanati. Nimepiga simu Mbeya, Iringa, mpaka kwa watu nisiowajua. Mmoja aliniuliza mshahara, nikamwambia, akacheka kwa upole na kunitakia kila la heri. Kwa hiyo ukipanda gari kesho, kile chumba umekifunga, na ukibaki, nimekufunga wewe. Nimelizungusha hili kichwani wiki nzima. Kama katibu ningekupigia magoti. Kama baba nataka uende. Na kama mtu aliyekutendea haya, sidhani nina haki ya kutaka chochote. Leo mchana nimejikuta namwomba Mungu gari lako la kesho liharibike, halafu nikamwomba asinisikilize.

Ninachokijua ni hiki kimoja, na hata hiki sikuweza kukufundisha vizuri. Ukienda kukaa kwenye hiyo ofisi kwa sababu unapenda kazi ya ofisi, nenda. Watahitaji mtu anayejua jinsi fomu zinavyojazwa na daktari aliyekesha, na huenda ukawahurumia wale wanaosaini mahali pasipotakiwa. Lakini usiende kwa sababu ya nusu saa ile. Nimekuona ukifanya kazi. Mimi si daktari, ila nimekaa nje ya mlango wa chumba kile zaidi ya mara moja, nikisubiri kusikia mtoto analia, na mara nyingi sana alilia.

Kumbukumbu za kikao kile nimezichukua kwenye faili, nimeandika ukurasa mwingine wenye saa zote sahihi na jina langu, nimempa mganga mkuu leo asubuhi. Ameusoma, akavua miwani. Sijui bodi itanifanyaje. Nadhani wataniondoa kwa heshima, waniandalie keki. Haitarudisha mtoto, haitarudisha wanawake, na sioni kama itaiponya hospitali. Nimefanya kwa kuwa jina lako lilikuwa pale na sikuweza kuliacha.

Nilikuwa nimepanga kuitumbukiza barua hii ndani ya begi lako, katikati ya nguo, uikute ukishafika, mimi nikiwa mbali siku nzima ya safari. Nimeona kwamba huko nako ni kukimbia, na nimekukimbia vya kutosha. Kwa hiyo nitakupa mkononi kesho asubuhi wakati wa chai, kabla hatujatoka kwenda stendi, na nitakuomba uisome papo hapo.

Kama umefika mstari huu, basi sikukimbia. Nimekaa upande wa pili wa meza, mama yako amesimama mlangoni na hajui kuna nini, na mimi sijui niiweke wapi mikono yangu. Usinionee huruma kwa ajili ya mvi. Bado kuna muda kabla gari halijaondoka. Inua uso, uniulize tena lile swali uliloniuliza barabarani.

Baba yako.